Uzuri Una Kipimo Gani?

Hapa Mishomoroni twaishi watu wa makabila mengi: Wamijikenda, Waswahili, Wakamba, Wataita, Waluo na wengineo. Kila kabila lina kipimo chake cha uzuri wa mwanamke.

Mgiriama alivaa hando, vazi la marinda mengi, ili nyonga zionekane kubwa. Mkamba wa zamani alichongwa meno ya mbele yakawa makali. Mmaasai alinyoa kichwa na kurefusha ndewe za masikio. Mswahili alijipamba kwa hina, wanja na asmini. Je, nani kati yao alikuwa mbaya? Hakuna! Kila mmoja alijitazama kwa macho ya watu wake.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka wa 2006, Shelly Grabe na Janet Hyde wa Marekani walilinganisha matokeo ya tafiti 98. Waliona kwamba wanawake weusi waliridhika na miili yao kuliko Wazungu, ingawa tofauti yenyewe ilikuwa ndogo.

Lakini umbo ni jambo moja, na rangi ya uso ni jambo jingine. Mtaani kwetu msichana mnene husifiwa, ila mweusi huambiwa, "We, mbona mweusi hivyo?" Hata Lupita Nyong'o, Mkenya aliyeshinda tuzo ya Oscar mwaka wa 2014, alieleza kuwa utotoni alimwomba Mungu ampe weupe. Alianza kujipenda alipomwona Alek Wek, mwanamitindo Mdinka mweusi sana, akisifiwa duniani kote.

Kuna wenzetu ambao hawana subira hiyo. Hununua mkorogo katika vikopo visivyo na maandishi. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo huizuia ngozi kutengeneza rangi yake. Zebaki hiyo hupenya mwilini na kuharibu figo. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa mwaka wa 2013 unapiga marufuku vipodozi vya namna hiyo.

Dada zangu, wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Uso hubabuka, figo nazo hazinunuliwi dukani. Nanyi kaka zetu, acheni mzaha wa "mweusi, mweusi", kwani maneno yenu ndiyo yanayouza vikopo hivyo.