Mfuko wa Kulalia: Kwa Nini Hushindiliwa Badala ya Kukunjwa

Mpandaji wa Mlima Kilimanjaro anayepitia njia ya Marangu huanza safari kwenye kimo cha takriban meta 1,900, akafika kibanda cha Kibo kwenye meta 4,700 hivi. Halijoto hupungua kwa wastani wa digrii 6 za sentigredi kwa kila meta 1,000 apandazo. Chini, msituni, mvua ni jambo la kawaida. Juu, usiku maji huganda. Mfuko wa kulalia ulioloa msituni siku ya kwanza huenda usikauke kabla ya usiku wa Kibo. Kwa sababu hiyo, namna ya kuufunga katika shanta ni suala la usalama.

Watu wengi hudhani kwamba mfuko wa kulalia hutoa joto. La hasha. Joto hutoka katika mwili wa mlalaji. Mfuko hulizuia tu lisipotee upesi. Kizuizi chenyewe ni hewa iliyotulia, iliyonaswa katikati ya manyoya laini ya bata au nyuzi za poliyesta. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa hiyo. Manyoya yakiloa hushikamana, hewa ikakosa mahali pa kukaa. Nyuzi za poliyesta hustahimili unyevu vizuri zaidi, lakini kwa kawaida ni nzito kuliko manyoya yatoayo kinga ileile.

Basi kufunga mfuko ni kuitoa hewa kwa muda bila kuharibu nafasi yake. Mfuko ukikunjwa kila siku katika mistari ileile, ujazo wake huchoka na kuvunjika mahali palepale. Ukishindiliwa ovyo kwa mkono, mikunjo hubadilika kila safari. Sehemu ya miguuni hutangulizwa, mdomo ukiachwa wazi, ili hewa ipate njia ya kutokea.

Ala yake iwe ya kitambaa kizito kisichopenya maji, ambayo mdomo wake huviringwa mara kadhaa kabla ya kufungwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa haifai: huchanika upesi, na tangu tarehe 1 Juni 2019 imepigwa marufuku nchini Tanzania.

Ndani ya shanta, mfuko huwekwa chini kabisa. Ni mwepesi, tena hauhitajiwi mpaka jioni. Vitu vizito, kama vile maji na chakula, hukaa juu yake, karibu na uti wa mgongo. Vikiwa mbali na mgongo, shanta humvuta mbebaji nyuma, naye hulazimika kuinama mbele mwendo mzima. Mfuko uliofungwa nje hulowa, hunasa matawi na kuyumbayumba.

Mara wafikapo kambini, wasafiri huutoa mfuko na kuukung'uta, ili ujae hewa tena kabla ya kulaliwa. Hata hivyo, upande wa chini hugandamizwa na uzito wa mwili, ukabaki na hewa kidogo sana. Ndiyo maana godoro jembamba la sponji huhitajika chini yake. Nyumbani, mfuko huhifadhiwa ukiwa umelegea katika gunia kubwa la kitambaa.

Hayo yanamhusu pia mpagazi, ambaye Kilimanjaro huitwa mgumu. Hubeba mizigo ya wageni, kisha naye hulala katika baridi ileile. Halijoto ya ndani ya mwili ikishuka chini ya digrii 35, mtu hutetemeka, ulimi huwa mzito na akili huchanganyikiwa. Asiposaidiwa aweza kufa. Kwa hiyo kiongozi wa msafara anayekagua vifaa langoni hana budi kukagua mifuko ya kulalia ya wagumu sawasawa na ya wageni: kwamba ipo, ni mikavu, na imefungwa isipenywe na mvua ya msituni.