Nishani ya Kikosi Kizima

Mtu mmoja akitenda jambo la ushujaa vitani, hupewa nishani, naye huivaa kifuani pake. Lakini vita havipiganwi na mtu mmoja. Katika vifaru vingi vya vita vile vikuu vya 1939 hata 1945 walikaa watu watano: mmoja aliendesha, mmoja alikaa kando yake kumsaidia, mmoja alipakia mzinga, mmoja alilenga shabaha, na mkubwa wao alitazama nje na kutoa amri. Mmoja akiacha kazi yake, wote watano wamo hatarini. Wahenga walisema, Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa sababu hiyo iko heshima ya namna nyingine, ambayo hapewi mtu, bali hupewa kikosi kizima.

Katika nchi ya Marekani heshima hiyo iliwekwa na Rais Franklin Roosevelt tarehe 26 Februari 1942. Si kila kikosi kilichopigana hupewa. Sharti kiwe kimeonyesha ushujaa kupita vikosi vingine vilivyokuwa katika vita vile vile. Na kipimo chake ni sawa na kile cha mtu mmoja anayestahili nishani ya pili kwa ukubwa katika jeshi lao. Matendo ya kikosi huandikwa katika hati, na utepe wa buluu hufungwa katika mti wa bendera yake. Askari nao huvaa utepe mdogo wa buluu wenye ukingo wa rangi ya dhahabu, upande wa kuume wa kifua. Aliyekuwamo kikosini siku za mapigano huuvaa maisha yake yote. Anayeingia baadaye huuvaa maadamu yumo. Akihama huuvua, maana heshima ile ameazimwa tu.

Sasa tutazame kikosi kimoja kilichoipata, na jinsi kilivyoingojea.

Tarehe 1 Aprili 1942, katika jimbo la Louisiana, kiliundwa Kikosi cha Vifaru cha 761. Askari wake walikuwa Wamarekani weusi, na wachache katika wakubwa wao walikuwa Wazungu. Siku zile jeshi la Marekani lilitenga watu kwa rangi: askari weusi walilala mbali, walikula mbali, wala hawakutiwa katika vikosi vya Wazungu. Wakubwa wengi walidhani kwamba mtu mweusi hawezi kazi ya vifaru. Kikosi hiki kikafundishwa zaidi ya miaka miwili, huku vingine vikipelekwa vitani mbele yake. Alama waliyojichagulia ilikuwa kichwa cha chui mweusi.

Hata mwezi wa Oktoba 1944 wakavuka bahari, wakafika Ufaransa, wakatiwa katika jeshi la Jemadari George Patton. Mwezi wa Novemba wakaanza kupigana.

Alikuwamo sajini mmoja, jina lake Ruben Rivers, mtu wa Oklahoma. Siku moja mwanzoni mwa mapigano, vifaru vilizuiwa njiani na mti ulioangushwa na adui, nao ulikuwa umetegwa mabomu. Rivers akashuka chini, huku risasi zikimpita, akaufunga mti kwa kamba ya chuma, akauvuta kwa kifaru chake, njia ikafunguka.

Siku chache baadaye, tarehe 16 Novemba, kifaru chake kilikanyaga bomu lililofukiwa ardhini karibu na kijiji cha Guebling. Mguu wake ukapasuka hata mfupa ukaonekana. Mganga akataka kumpa dawa ya kutuliza maumivu, na Kepteni David Williams akamwambia arudishwe nyuma atibiwe. Rivers akakataa dawa, akakataa na kurudi, akaingia katika kifaru kingine. Akaendelea hivyo siku tatu. Tarehe 19 Novemba, alfajiri, vifaru vya adui vilianza kuwapiga vikali. Kepteni akaamuru watu wajifiche. Rivers aliona mahali yatokapo makombora; akabaki mbele akipiga mzinga, wenzake wapate kuondoka. Kifaru chake kikapigwa, naye akafa.

Kikosi hakikusimama. Kilipigana Ubelgiji katika theluji, kikaingia Ujerumani, na mwezi wa Mei 1945 kikafika mto Enns katika nchi ya Austria, kikakutana na jeshi la Warusi. Siku zake za vita zinahesabiwa kuwa 183.

Vita vikaisha. Vikosi vingine vilikwisha kupewa utepe wa buluu, lakini kwa hiki hakuna neno. Mwaka 1948 Rais Harry Truman alitoa amri kwamba askari wa kila rangi watendewe sawasawa. Hata hivyo utepe haukuja. Wazee wa kikosi hawakunyamaza. Waliandika barua, wakadai hesabu ya mapigano yao itazamwe tena, wala hawakuchoka. Kepteni Williams naye aliendelea kumtetea Rivers hata uzee wake.

Mwezi wa Januari 1978 Rais Jimmy Carter akakipa kikosi heshima ile. Ilikuwa imepita miaka 33. Wengi waliostahili kuvaa utepe walikuwa wamekwisha kufa. Na tarehe 13 Januari 1997 Rais Bill Clinton alitoa nishani kubwa kuliko zote kwa askari weusi 7 wa vita vile. Katika hao 7, aliyekuwa hai ni Vernon Baker peke yake. Rivers alikuwa mmoja wao, na nishani yake ikapokewa na ndugu yake.

Mtu aweza kuuliza, utepe una faida gani kwa aliyekufa? Utepe wenyewe ni kitambaa tu. Lakini hati iliyoandikwa husema mbele ya watu wote ya kuwa watu hawa walikuwapo, na kazi hii waliifanya. Kama isingaliandikwa, wajukuu wangaliambiwa kwamba babu zao hawakuweza. Hii ndiyo sababu wale wazee walidai kwa miaka mingi namna ile: walijidai wao wenyewe, na walimdai kila mwenzao aliyebaki katika mashamba ya Ufaransa.