Kushuka Kizazi na Haya Isiyofaa

Wako mama zetu na dada zetu wenye maumivu ya kinena na kizazi kilichoshuka, nao hunyamaza kwa haya hata miaka ikapita. Haya hiyo haifai, kwani maradhi si aibu. Asili yake ni kulegea misuli ichukuayo kizazi na kibofu, kwa uzazi, umri, mizigo mizito, kikohozi cha siku nyingi au kufunga choo.

Mwaka 1948 daktari Arnold Kegel wa Marekani alieleza mazoezi yake: mwanamke hukaza misuli ya chini kama azuiaye mkojo, akahesabu hadi 5, kisha akailegeza, mara 8 au 10, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 au zaidi. Lakini kukaza kukizidisha maumivu, aache, amwulize daktari. Iko misuli ambayo dawa yake ni kulegezwa. Daktari aweza pia kumtilia pete ya kutegemeza kizazi. Mkojo ukizuilika, au damu ikitoka baada ya hedhi kukoma, asingoje.

Aliyeshindwa kusujudu kwa maumivu, sheria imemruhusu kuashiria sijda kwa kukaa. Nanyi waume na vijana, ndoo na gunia chukueni nyinyi.