Kitambaa cha kuoshea vyombo: Zawadi ndogo inayoifaa familia ya mwanajeshi

KUTOA ni moyo, usambe ni utajiri. Ukweli wa methali hii hudhihirika katika desturi moja ya nyumbani nchini Marekani, ambako watu huchukua sindano mbili na donge la uzi wa pamba, wakafuma vitambaa vya kuoshea vyombo na kuvituma kwa familia za wanajeshi.

Anayesikia habari hii kwa mara ya kwanza huenda akastaajabu. Mama aliyeachwa na watoto, mumewe akiwa vitani ng’ambo, ana haja gani na kitambaa cha kusugulia sahani? Jawabu limo katika historia ya ufumaji wakati wa vita, katika maisha ya familia hizo na katika sifa za pamba yenyewe.

Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mnamo 1917, shirika la Msalaba Mwekundu la nchi hiyo liliwahimiza raia kufuma soksi, sweta na skafu za sufu kwa ajili ya askari. Kazi hiyo haikuwa ya kupitisha wakati. Askari walisimama siku nzima katika mahandaki yaliyojaa maji na matope, nyayo zao zikavimba na kuoza, na soksi kavu ikawa miongoni mwa kinga chache walizokuwa nazo. Hata watoto wa shule walifundishwa kushika sindano.

Hali ilijirudia katika Vita vya Pili. Mnamo Novemba 24, 1941, jarida la Life lilichapisha kwenye jalada lake makala ya kuwafunza wasomaji kufuma. Chini ya wiki mbili baadaye, Desemba 7, Japani ilishambulia Pearl Harbor na Marekani ikajitosa vitani.

Katika vita vyote viwili, macho ya wafumaji yalielekezwa kwa askari. Aliyebaki nyumbani alikuwa mtoaji, wala si mpokeaji. Kitambaa cha kuoshea vyombo kimeugeuza mkondo huo. Mwanajeshi wa leo hupewa soksi na mavazi na serikali yake. Anayesahaulika ni yule aliyeachwa jikoni.

Maisha ya mtu huyo si mepesi. Familia ya mwanajeshi wa Marekani aghalabu huhamishwa kila baada ya miaka miwili hadi minne, kutoka jimbo moja hadi jingine au hadi kambi zilizo Ujerumani, Japani au Korea Kusini. Uzani wa mizigo ambayo serikali hugharimia hutegemea cheo cha mwanajeshi na iwapo ana wanaomtegemea. Kinachozidi hulipiwa na familia yenyewe. Kwa hivyo, zawadi nzito, au ile inayovunjika kama vile chungu na sanamu, huwa mzigo badala ya furaha.

Juu ya hayo kuna kutengana. Mnamo 2007, vita vya Iraq na Afghanistan vilipopamba moto, zamu ya askari wa jeshi la nchi kavu iliongezwa kutoka miezi 12 hadi 15. Katika muda kama huo mtoto mchanga hujifunza kutembea na kusema, na mzazi mmoja hulazimika kupika, kuosha na kulea peke yake. Kitambaa hakiwezi kumrudisha aliye mbali. Hata hivyo, kila jioni mama anapokishika kwenye sinki hukumbuka kwamba kuna mtu aliyeketi saa kadhaa akimfikiria yeye.

Ni kwa nini pamba na wala si sufu? Pamba hunyonya maji upesi, na nyuzi zake huwa imara zaidi zikilowa kuliko zikiwa kavu. Hustahimili maji yanayochemka, jambo linalowezesha kitambaa kuchemshwa ili kuua viini. Sufu, kwa upande wake, hujikunyata na kugandamana ikisuguliwa katika maji ya moto. Uzi wa akriliki haunyonyi maji vyema, na huweza kuyeyuka ukigusa sufuria yenye moto mkali.

Ufumaji wenyewe ni rahisi kiasi cha kuwafaa wanaoanza. Huhitajika uzi wa pamba wa unene wa wastani, takriban gramu 50 kwa kitambaa kimoja, na sindano mbili zenye kipenyo cha milimita 4.5 hivi. Mtindo unaopendwa mno huanzia kwenye kona.

Mfumaji huanzisha vitanzi vinne na kufuma mstari mmoja wa kawaida. Kuanzia mstari wa pili, hufuma vitanzi viwili, akazungushia uzi kwenye sindano mara moja, kisha akafuma vilivyosalia hadi mwisho. Mzunguko huo huongeza kitanzi kimoja na kuacha tundu dogo linalopamba ukingo. Huendelea hivyo katika kila mstari hadi afikishe vitanzi 44.

Hapo huanza kupunguza. Hufuma kitanzi kimoja, kisha viwili kwa pamoja, akazungushia uzi, akafuma tena viwili kwa pamoja, halafu akamalizia mstari. Kila mstari hupungukiwa na kitanzi kimoja. Vikisalia vinne, huvifunga, akakata uzi na kuficha ncha zake ndani ya mfumo. Matokeo yake ni mraba wenye upande wa sentimita 20 na ushei. Mikono iliyozoea huumaliza kwa jioni moja au mbili.

Rangi nazo huwa na ujumbe. Tangu 1917, familia nyingi za Marekani zimekuwa zikitundika dirishani bendera ndogo yenye nyota ya buluu kwa kila jamaa aliye jeshini wakati wa vita. Nyota ya dhahabu huashiria aliyefariki. Mfumaji hana budi kutahadhari asichanganye rangi hizo pasipo kujua. Zambarau ni rangi ya watoto wa wanajeshi, ambao mwezi wa Aprili umetengwa kwa ajili yao tangu 1986. Wake na waume wa wanajeshi nao wana siku yao, Ijumaa inayotangulia Sikukuu ya Akina Mama mwezi wa Mei. Hizo ni nyakati mwafaka za kutoa zawadi.

Ni vyema kutoa vitambaa vitatu au zaidi. Kitambaa kimoja kinachokaa kimelowa mchana kutwa hugeuka makao ya bakteria, ilhali vikiwa kadhaa, kimoja hutumika huku vingine vikifuliwa na kuanikwa. Vyenye rangi kolevu visuuzwe kwanza ili visichujie rangi kwenye nguo nyingine. Dawa ya kulainisha nguo iepukwe kwa sababu hupunguza uwezo wa pamba kunyonya maji. Maelezo haya yakiandikwa kwenye kadi, mpokeaji hatasumbuka kukisia.

Kwa anayetuma kutoka Marekani kwenda kambi za ng’ambo, anwani za kijeshi hutozwa nauli ya posta ya ndani ya nchi. Jina la mji au nchi iliko kambi halifai kuandikwa, kwani huenda kifurushi kikapitia posta ya kigeni na kuchelewa.

Habari hizi haziko mbali na Kenya kama zinavyoweza kudhaniwa. Mhamiaji mwenye kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu anaruhusiwa kujiunga na jeshi la nchi hiyo, na wapo Wakenya waliofanya hivyo. Nazo familia za wanajeshi wetu, katika kambi za Gilgil, Lanet na Nanyuki, zinafahamu fika maana ya kusubiri, hususan tangu majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia Oktoba 2011.

Ujuzi nao haukosekani. Kwa miaka mingi akina mama wa Kenya wamefuma vitambaa vya kufunikia makochi na meza, na anayemudu kazi hiyo hatashindwa na mraba wa jikoni, awe anatumia sindano mbili au moja ya kroshia. Jambo la kuzingatia ni uzi. Ule wa kufumia sweta unaouzwa madukani aghalabu ni wa akriliki, hivyo mnunuzi asome kibandiko ahakikishe kwamba ni wa pamba.

Jirani ambaye mumewe yuko zamuni haombi makubwa. Vitambaa vitatu, kipande cha sabuni na kadi yenye maneno mawili matatu vyatosha kumjulisha kwamba wanaobaki nyumbani nao wanakumbukwa. Na anayevipeleka kwa mkono wake akikuta vyombo havijaoshwa, aweza kukunja mikono ya shati akavianzia kazi papo hapo.