Gitare ya metali: angalia shevale mbele ya kuangalia pembe

Kwetu mu Lubumbashi, kijana akisema anatafuta gitare ya solo, kila mutu anawaza sebene. Anawaza Docteur Nico, anawaza Franco, ile sauti safi yenye kung'ara. Lakini kuko vijana wengine, hata kama si wengi, wenye wanataka solo ya namna ingine: sauti ya kukwaruza, ya nguvu, yenye kuvutwa mpaka inalia sawa mutu. Hao ni watu wa metali. Na ulizo lao ni moja: niko na pesa ya gitare moja tu, nichukue gani?

Ulizo hili si la muchezo. Mwenye kukaa Paris ao Brussels, akikosea, anaweza kuirudisha ku magazini na kuchukua ingine. Mwenye kukaa ku komini Kamalondo ao Katuba aliweka dola kidogo kidogo, pengine mwaka muzima. Akikosea, gitare inaenda kulala chini ya kitanda, na muziki unalala nayo.

Basi tuseme wazi. Kwa kupiga solo ya metali, umbo la gitare halina kazi kubwa. Pembe, rangi nyeusi, picha ya kichwa cha mufu: vile vyote ni vya macho. Yngwie Malmsteen, Mswedi mwenye vidole vya mbio sana, anapiga Stratocaster, gitare ya umbo la kawaida kabisa. Vitu vitatu njo vinapiga solo: mikro, shingo na shevale. Na kwetu, shevale njo inaleta hasara kubwa.

Mukono mbele, gitare nyuma

Muziki wa metali ulizaliwa Birmingham, muji wa viwanda mu Uingereza. Tony Iommi alikuwa na miaka 17 wakati mashini ya kiwanda ilimukata ncha za vidole viwili vya mukono wa kuume. Na yeye anapiga na kushoto: ule mukono wa kuume njo ulikuwa unabana nyuzi. Wengine wangeacha. Yeye akasikiliza sahani ya Django Reinhardt, mupiga gitare muzaliwa wa Ubelgiji, mwenye alipiga solo zake na vidole viwili tu kisha moto kumuharibu mukono. Iommi akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akatafuta nyuzi nyembamba, nyuma akazilegeza chini ya akordi ya kawaida. Mwaka 1970 kundi lake, Black Sabbath, likatoa sahani ya kwanza. Ile sauti nzito yenye dunia nzima inaiga ilitokea ku mukono wenye ulikuwa na shida, na ku mutu mwenye alitafuta chombo cha kufaa mukono wake.

Tusiseme ni mambo ya wazungu. Ng'ambo ya Kasumbalesa, ku Kitwe, kundi WITCH lilipiga roki na pedale ya kukwaruzisha sauti mu miaka ya 1970, na Ngozi Family pia walifanya vile mu Zambia. Leo Botswana iko na makundi ya metali sawa Wrust, Skinflint na Overthrust.

Mikro: koili mbili

Mikro ni kile kisanduku kidogo chini ya nyuzi. Ndani kuko sumaku na waya mwembamba wenye kuzungushwa mara elfu na elfu. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, umeme kidogo unazaliwa, unaenda ku ampli.

Mikro ya koili moja inatoa sauti safi, nzuri kwa rumba. Lakini inakamata pia mungurumo wa umeme wa nyumba. Ukiongeza distorsioni, na bila distorsioni hakuna metali, mungurumo ule unapanda mpaka unashinda solo. Mwaka 1955, Seth Lover, fundi wa kampuni Gibson, alitengeneza mikro ya koili mbili zenye kupinganishwa: mungurumo wa moja unafuta mungurumo wa ingine. Ile njo mikro ya metali. Fasi nyumba nyingi hazina waya wa kushuka mu udongo, na shaja, taa na friji vyote viko ku umeme mumoja, ni lazima. Angalia sana mikro yenye iko karibu na shevale: kama ile iko ya koili mbili, unaweza kuanza.

Kuko pia mikro zenye kutumia pile ya volti 9, sawa zile za EMG zenye Metallica walitumia. Ziko na nguvu na kelele kidogo. Lakini pile ikiisha katikati ya wimbo, gitare inanyamaza. Ukichukua ile, pile ya akiba isikose mu mufuko.

Shingo: jicho la seremala

Mwenye kupiga solo anapanda juu kabisa ya shingo. Gitare zingine ziko na vyuma 22, zingine 24. Na 24 unapata oktavu mbili kamili ku kila uzi. Ibanez RG, ya tangu 1987, ilijulikana juu ya shingo nyembamba na vyuma 24. Lakini 22 inatosha kwa mutu mwenye anaanza. Shingo ya kunyooka iko na maana kuliko vyuma viwili vya ziada.

Weka jicho ku mwisho wa shingo sawa seremala mwenye anaangalia ubao. Ikipinda sawa muzinga wa mungongo wa mutu muzee, uulize ufunguo wa kile chuma cha ndani chenye kunyoosha shingo. Kama muuzishaji hana ufunguo ao chuma hakizunguke tena, ondoka. Kisha piga kila fasi ku uzi wa kwanza, vuta uzi juu kwa nguvu. Kama sauti inakufa mbele ya wakati, vyuma haviko sawa.

Kama unataka kulegeza nyuzi chini sawa Iommi, shingo ndefu inasaidia. Urefu wa nyuzi wa Fender ni karibu sentimetre 64,8, wa Gibson karibu 62,8. Ni sentimetre mbili tu, lakini uzi mulegevu unakaa vizuri zaidi ku ule urefu mukubwa.

Shevale: fasi ya kuanguka

Sasa tufike ku jambo lenyewe. Mu mwisho wa miaka ya 1970, Mumarekani Floyd Rose alitengeneza shevale yenye kufunga nyuzi ku pande zote mbili. Na mukono wake wa chuma, unaangusha sauti mpaka chini, inarudia, na akordi inabakia. Wapiga solo wakubwa wakaipenda, na kila kijana anaitaka.

Lakini shevale ile inaelea. Nyuzi zinavuta upande mumoja, resori zinavuta upande mwingine, na inasimama katikati. Uzi mumoja ukikatika, resori zinashinda, na zile tano zenye zinabaki zinatoka mu akordi zote mara moja. Kubadilisha uzi kunaomba ufunguo wa pembe sita, kukata uzi, na muda. Ukibadilisha ukubwa wa nyuzi, unaanza kazi yote upya. Na ile ya kuiga, ya bei kidogo, chuma chake ni laini: ncha zinakwisha, na akordi hairudi tena.

Shevale ya kusimama haina shida ile. Uzi mumoja ukikatika, zile zingine zinakaa karibu na fasi yao, unamaliza wimbo. Juu ya ile, kwa gitare ya kwanza, yenye iko peke yake, tunasema: chukua shevale ya kusimama. Kama umekwisha kupata gitare yenye kuelea, usiitupe. Fundi anaweza kuingiza kipande cha mbao nyuma ya shevale, isielee tena. Wapiga gitare wengi wanafanya vile.

Mbele ya kutoa pesa

Usimalize pesa yote ku gitare. Acha ya ampli, ya pedale, na ya paketi tatu za nyuzi, namba 9 ao 10. Gitare haina shida ya volti, lakini ampli ya kutoka Marekani ao Japani inaweza kuwa ya volti 120 ao 100. Ukiichomeka ku 220 bila transfo, inaungua. Soma nyuma yake mbele ya kuchomeka.

Ku magazini, chomeka gitare, pandisha sauti, usipige kitu. Sikiliza. Gusa nyuzi: mungurumo ukipunguka, ni kawaida, ukiongezeka, waya wa ndani iko mubaya. Tikisa kamba, zungusha vifungo vyote. Kisha vuta uzi wa pili mara kumi, upime akordi tena.

Na bei ikikwisha kupatana, ujiulize ulizo la mwisho: uzi ukikatika siku ya muchezo, hii gitare itaendelea kupiga? Kama jibu ni ndiyo, lipa, hata kama haina pembe.