Mwendo wa Miguu, Nafuu ya Moyo

Wapo akina mama wengi wanaofika kliniki wakilalamikia kichwa, mgongo na uchovu usiokwisha. Wanapimwa malaria, haionekani. Wanapewa vidonge vya maumivu, na baada ya wiki wanarudi na maneno yale yale. Tukikaa nao taratibu ndipo mengine yanatoka: hawalali, chakula hakina ladha, hata mtoto akicheka mama hafurahi. Hali kama hiyo ikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, huenda ni ugonjwa wa sonona.

Sonona si uvivu, si kulogwa, wala si upungufu wa imani. Nabii Eliya alikaa chini ya mti jangwani akaomba afe. Kabla ya lolote alipewa usingizi, mkate na maji, kisha akaanza safari ndefu kwa miguu. Tunataka mwezi huu tuzungumze juu ya miguu hiyo, maana yaweza kuusaidia moyo.

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 156 wa sonona wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Kundi moja lilipewa dawa, la pili lilifanya mazoezi mara 3 kwa wiki, la tatu lilifanya yote mawili. Waliomeza dawa walianza kupata nafuu mapema, lakini baada ya wiki 16 makundi yote yalikuwa karibu sawa. Mwaka 2024 jarida la matabibu la Uingereza, BMJ, lilikusanya tafiti 218 zenye watu zaidi ya 14,000. Kutembea na kukimbia polepole vilikuwa miongoni mwa mazoezi yaliyosaidia zaidi.

Hapa Manyoni mama atatuuliza: "Jamani, mazoezi gani tena? Maji nateka mimi, kuni naokota mimi, shamba la uwele nalima mimi!" Ni kweli, na kazi hiyo inaujenga mwili. Lakini tafiti zilizolinganisha kazi za lazima na mazoezi ya hiari zimeonyesha kuwa ni yale ya hiari yanayoendana zaidi na moyo mwepesi. Si ajabu. Ndoo kichwani unaibeba huku ukiwaza ada ya shule. Mama huyu hahitaji kuongezewa mzigo. Anahitaji nusu saa iliyo yake, mikono mitupu, pamoja na mwenzake. Mwendo huo huleta usingizi na hamu ya kula, humtoa katika upweke, na humpa neno dogo la ushindi: "Leo nimeweza."

Basi tufanyeje?

Kwanza, anza kidogo. Dakika 10 zatosha wiki ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafikie angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5.

Pili, chagua saa ya ubaridi, asubuhi kukishapambazuka au jioni kabla ya giza. Jua na vumbi letu mnavijua.

Tatu, usiende peke yako. Mwenye sonona hana nguvu ya kujiamsha, hivyo jirani ampitie mlangoni.

Nne, si lazima kutembea tu. Kuruka kamba na watoto, kucheza rede, au kupiga muheme kama mama zetu wa Kigogo, yote ni mazoezi.

Mjamzito, aliyejifungua karibuni na mwenye shinikizo la damu wamwone muuguzi kwanza.

Tusidanganyane, hata hivyo. Mazoezi hayachukui nafasi ya tiba. Uliyepewa dawa, usiziache kwa sababu umeanza kutembea. Na mama anayesema afadhali afe, au anayeogopa kumdhuru mtoto wake, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ikibidi, wataalamu watampa rufaa kwenda Hospitali ya Mirembe, Dodoma. Kwenda Mirembe si aibu.

Akina baba nao wana sehemu yao. Kumshika mtoto na kuutazama ugali jikoni kwa nusu saa hakumpunguzii mume heshima, na huenda kukamrudishia mke aliyemzoea.

Nasi wa vikundi vya akina mama kanisani, tumtazame yule aliyeacha kuja kwaya bila sababu. Tusimpelekee maswali na lawama. Tumwambie tu: "Mama Fulani, vaa kandambili, tutembee mpaka relini turudi." Akikataa leo, tupite tena kesho.