Fahamu: Kwa nini Big Boy huitwa 4-8-8-4?
Injini ya mvuke Big Boy namba 4014 ya kampuni ya Union Pacific, iliyorudishwa relini mwaka 2019, huvutia umati wa watazamaji kila inakopita Marekani. Tarakimu zake 4-8-8-4 ni hesabu ya magurudumu tu: manne ya kuongoza mbele, nane yanayoendeshwa na mvuke, mengine nane ya aina hiyo, na manne ya kubeba uzito nyuma. Mfumo huo wa kuhesabu ulibuniwa na Frederick Whyte.

Nchini Marekani, karne ya 19 ilitawaliwa na injini ya 4-4-0, aliyoipatia hataza Henry Campbell mwaka 1836. Magurudumu yake ya mbele yalifuata vyema reli zilizojengwa harakaharaka, zenye kona na mabonde.

Mizigo ilipozidi, yakaongezwa magurudumu ya kuvuta. Lakini kwangu mimi, hatua kubwa zaidi ilikuwa nyuma. Mwaka 1925 kiwanda cha Lima, Ohio, kilijaribu 2-8-4, ambayo magurudumu yake manne ya nyuma yalibeba tanuri kubwa. Moto mwingi, mvuke mwingi. Injini ikavuta mzigo mzito bila kupoteza kasi.

Big Boy zilijengwa 25 kati ya 1941 na 1944, dizeli ikiwa tayari imebisha hodi. Zimebaki nane, na inayotembea ni 4014 peke yake.